Cha uvunguni, Mhariri, inabidi uiname kwanza

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo vipi. Naandika hii barua kwa simu usiku, watoto wamelala na umeme ndo kwanza umerudi, kwa hiyo ukikuta herufi zimepandana nisamehe, kidole gumba changu kinapiga mbili mbili. Mimi sio mtu wa kuandikia magazeti. Mara ya mwisho kutuma kitu kwenye chombo cha habari ilikuwa kadi ya salamu redioni nikiwa darasa la sita, na haikusomwa.

Ni kuhusu ile barua ya msomaji mwenzetu mliyoitoa, ile inayosema watoto wa siku hizi hawana utoto, wanajua kutelezesha vidole kwenye kioo tu, na kwamba sisi wa miaka ya 80 na 90 ndo tulicheza kikweli kweli. Niliisoma kwenye daladala tumekwama pale Buguruni nikaona eh, huyu kanisemea, nikaipiga picha nikairusha kwenye grupu letu la familia. Weee! Makofi tupu. Kaka yangu aliyeko Muscat akaweka vile vikatuni vya kulia, binamu akaanza kutaja kombolela, rede, mdako, kula mbakishe, kuruka lastiki, akaja mwingine na gololi, na kabla sijashuka Tabata watu wazima wenye presha na wajukuu walikuwa wanabishana kwa maneno makali kabisa kama tiara inawekwa mkia mmoja au miwili. Mmoja, kwa taarifa yao, lakini mrefu.

Sasa nafika nyumbani, nimejaa huzuni ya kuazima, nawaonea huruma wanangu kwamba maskini hawatajua raha, naingia chumbani kwao giza nikawashe feni, nikakanyaga kitu kikateleza nikadaka mlango. Kidogo nivunjike kiuno. Nikainama na tochi ya simu nikaangaza uvunguni na huko ndo nikakuta hii habari ninayokuandikia.

Kulikuwa na bajaji, Mhariri. Bajaji nzima. Bodi yake ni chupa ya maji ya lita moja na nusu imelazwa na kukatwa mlango ubavuni, tairi tatu za vifuniko vya chupa, ekseli ni vijiti vya mishikaki, paa la boksi la juisi upande wa kung'aa umetazama nje, na nyuma kaandikiwa namba kwa maka pen na chini yake maneno ya kuchamba kama zilivyo bajaji zenyewe. Pembeni yake kulikuwa na simu ya boksi la dawa ya meno, kamera tatu zimechorwa nyuma, na mbele kwenye kioo mwanangu kachora na ufa, umeanzia kona ya juu kulia umeshuka mpaka katikati, sawasawa na wa simu yangu mimi. Nilikaa chini pale sakafuni nikacheka peke yangu kama chizi.

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na nadhani msomaji wenu hakuinama. Mimi mwenyewe nilikuwa sijainama, nisijifanye mjuaji.

Niwaambie nilikokulia. Tanga, Ngamiani, kule barabara zinahesabiwa ya kwanza mpaka ya 21, sisi tulikuwa ya 12. Nimeanza darasa la kwanza 1986. Wakati ule maduka yalikuwa ndo yanaanza kupata vitu, maana miaka michache kabla ya hapo mama anasema ilikuwa foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni hujui ni ya nini ila unajipanga kwanza utauliza mbele. Toi ya dukani hakuna aliyekuwa anaiwaza. Ikaja ruhusa ya watu kuingiza bidhaa zao 1984, akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, mwaka uliofuata, vitu vikaanza kuonekana, lakini vilionekana kwa wengine. Kwetu toi ilikuja mara mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa, pale uwanja wa Tangamano, unapewa hela ya sikukuu unanunua saa ya plastiki isiyotembea. Ilikuwa imechorwa mishale tayari, saa nne na dakika kumi milele. Na miwani ya rangi nyekundu ambayo ukivaa unaona dunia nzima imeiva. Siku ya tatu mkanda wa saa umekatika, miwani imebaki jicho moja, unarudi kwenye vitu vyako vya kweli.

Na vitu vya kweli vilitengenezwa kwa takataka. Hilo ndo jambo ambalo kwenye barua ile na kwenye grupu letu hakuna aliyelitaja, wote wanasema tulikuwa wabunifu tulikuwa wabunifu, kana kwamba ubunifu tuliunywa kwenye uji. Tulikuwa na takataka nzuri! Angalieni. Tanga kulikuwa na kiwanda cha sabuni ya Foma, maboksi ya Foma yalikuwa magumu yana kona zilizonyooka, ukilikata vizuri unapata bodi ya lori la kupakia mchanga na harufu ya usafi juu. Makopo ya Kiwi yalitoa magurudumu, kopo la Blue Band lilitoa tela la mafuta. Kandambili zilizokatika zilikuwa mali, mtu anatembea pekupeku lakini ndala yake mbovu haitupi, kwa sababu soli yake unaikata mduara kwa mdomo wa kopo lenye makali na unapata tairi lenye mistari miwili, nyeupe na bluu, linalouma barabarani kama Scania ya ukweli. Visoda tunagonga kwa jiwe mpaka vinalala bapa, unatoboa matundu mawili, unapitisha uzi, unavuta na kuachia kinalia vuuuu na kinakata kidole pia, nina kovu. Na mkonge ndo usiseme. Mkonge ukishachanua unaacha mlingoti mrefu mkavu mwepesi kama pamba, tunaukata vipande tunachonga boti tunashindanisha kwenye mfereji wakati wa masika. Yule Mjerumani Hindorf aliyeleta mkonge 1893, eti miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, sidhani kama alijua mmojawapo ungezaa meli yangu, iliyozama mbele ya msikiti.

Na magazeti. Hapo nanyi mnahusika. Likizo ya mwezi wa 6 kusi linavuma vizuri, tiara zinapaa mpaka huoni uzi, na tiara ni gazeti. Chelewa mbili za fagio zimepishana, gazeti juu yake, gundi ni wali uliobaki unausugua kwa kidole, mkia ni utepe wa kanga mbovu, uzi ni mshipi kama una mjomba mvuvi au uzi wa fundi cherehani kama huna. Baba alikuwa ananunua gazeti mara moja moja analisoma siku tatu, na mimi nililikata siku ya kwanza. Nilichapwa, lakini niseme kwa fahari kwamba ukurasa wa maoni ya wasomaji, yaani barua kama hii, niliupandisha juu kuliko minazi. Uliishia kwenye nyaya za umeme, ukakaa pale mpaka mvua za vuli.

Ila mapenzi yangu yalikuwa gari la waya. Nilikuwa mtoto wa kike, na kwa sheria za barabara ya 12 msichana anacheza rede na mdako na kujipikilisha, waya ni wa wavulana. Rede nilikuwa hodari, nisijishushe, ukinikuta najaza chupa mchanga huku nakwepa mpira wa soksi hunipati, lakini roho yangu ilikuwa kwenye magari. Kaka yangu, huyu huyu wa Muscat, ndo alinifundisha kwa siri nyuma ya choo. Unaanza na chasisi kwa waya mnene, ule wa hanga za nguo za zamani ndo mzuri maana unakunjika na haurudi. Kila kiungo hufungi na waya mwenzake, unafunga na utepe wa tyubu ya baiskeli, unauvuta mpaka unakaribia kukatika ndo unazungusha, ukifunga kilegevu gari linatembea kama mlevi. Halafu springi, unazungushia waya mwembamba kwenye penseli. Halafu stelingi, huu ndo ufundi wenyewe, fimbo ndefu inatoka ekseli ya mbele inapanda mpaka kifuani kwako na juu unaweka duara, ukikata kulia na tairi zinakata kulia, na wewe unakimbia nyuma yake huku mdomo ndo injini. Gia unabadilisha kwa koo. Nilikuwa najua kulia Leyland na Land Rover tofauti, na watu wazima walikuwa wanageuka wakidhani gari linakuja.

Mwaka 1988 gari langu likapata taa. Balbu mbili za tochi, waya wa simu, na betri mbili za National, zile zilizokuwa zinatengenezwa hapahapa Dar. Sasa betri nimezipata wapi? Kwenye redio ya baba. Mnajua betri zilivyokuwa enzi zile, zilikuwa zinaheshimiwa kama mgeni. Zikichoka zinaanikwa juani kama dagaa, zikichoka zaidi zinang'atwa kwa meno ubavuni, zikichoka kabisa zinapangwa sita au nane kwenye boksi nje ya redio zinaunganishwa kwa waya ili zisukumane, na hata zikishakufa hazitupwi, zinapelekwa shuleni. Tulikuwa tunazipasua tunatoa ule unga mweusi tunatwanga na majani tunasugua ubao uwe mweusi tena, mikono mpaka viwiko myeusi, tunakula nayo mihogo wakati wa mapumziko. Nikikumbuka nashangaa tuko hai. Basi nyumbani redio ilikuwa inawashwa kwa taarifa ya habari, ile ya ngoma za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, na mpira. Na mwaka huo Coastal Union ilikuwa moto, ndo mwaka iliochukua ubingwa wa ligi, Tanga nzima inapumua kupitia Wagosi wa Kaya, na siku ya mechi moja kubwa baba kakaa na wazee wenzake sita uani, kahawa iko kwenye birika, anawasha redio, kimya. Anafungua mgongo, wazi. Wakati huo mimi niko barabara ya 14 nawasha full.

Sitaki kueleza yaliyofuata. Niseme tu gari lilipondwa na betri zikarudi, na wazee waliusikiliza mpira kuanzia dakika ya 30.

Hapo ndo ninapowashangaa wenzangu kwenye grupu. Eti sisi wazazi wetu walifurahia tulivyocheza. Nani kafurahi! Kila kitu kilikuwa balaa kwao. Manati inavunja vioo, gololi ni kamari, tiara inavuta umeme, vigari vya mbao vya beringi vitakuua kwenye mteremko. Kwenye gololi kidogo walikuwa na haki, tulikuwa tunachezea za kupata na kukosa, na mimi mwaka 1989 nilikuwa na gololi ya chuma iliyotoka kwenye beringi ya lori, nzito, inang'aa, hakuna aliyeweza kuisukuma. Kijana mmoja wa mtaa wa juu aliniomba aijaribu mara moja tu. Mpaka leo anaijaribu.

Na vikaja vile vya betri ndo kabisa. Sekondari, 1993 au 94 hivi, kijana mmoja mjomba wake alikuwa Omani, akaja shuleni na brikigemu, kale kadude ka matofali yanayodondoka, kameandikwa juu 9999 lakini ukihesabu gemu zenyewe hazifiki ishirini, nyingine zote ni ile ile imeongezwa spidi. Baadaye sana ndo nikajua yale matofali asili yake Urusi, Pajitnov aliyatunga Moscow 1984, sisi tulidhani ni ya Mchina au ya mjomba mwenyewe. Yule kijana alikuwa anatuchaji shilingi ishirini ukifa unatoka. Kuna watu waliacha kula chapati wiki nzima. Mwalimu wa zamu akaikamata akaiweka kwenye droo, akasema mashine hii itawamaliza macho na akili, kizazi hiki kimeharibika. Tukipita jioni dirishani ofisini tunasikia titi titi titi, kumbe anaendelea na kizazi kilichoharibika yeye mwenyewe.

Maneno ya mwalimu yale ndo maneno ya barua mliyotoa, neno kwa neno, mmebadilisha kifaa tu. Bibi yangu alikuwa anasema hivyo hivyo kuhusu televisheni, na sisi tulikuwa hata hatuna. Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70, huku bara mpaka 1994 ITV ilipoanza, kwa hiyo Tanga mwenye seti alikuwa anasimamisha antena ya bomba na mfuniko wa sufuria juu yake anaitafuta ya visiwani au ya Mombasa, mtoto mmoja juu ya paa anazungusha, mwingine dirishani anapiga kelele hapo hapo hapo, rudi kidogo, umeipoteza. Tuliangalia chenga nyingi kuliko vipindi. Bibi akasema chenga zitatupofusha.

Shuleni nako kulikuwa na mitindo ya msimu, inakuja kama surua, wote mnaugua halafu inaisha hujui imeondokaje. Kuna muhula ilikuwa penseli ile ya vichwa, ukichoka kimoja unakichomoa unakisukuma kwa nyuma kinatoka kipya, ukipoteza kichwa kimoja tu penseli nzima imekufa. Muhula mwingine vifutio vya harufu ya tunda, watu walivila, mimi nilionja. Sekondari ilikuwa otografu, daftari unalizungusha darasani kila mtu anajaza chakula akipendacho na rangi na rafiki wa kweli, na kona ya ukurasa inakunjwa imeandikwa usifungue, kila mtu anafungua. Bado ninayo yangu. Mtu mmoja kwenye sehemu ya kazi utakayofanya kaandika rubani, sa hivi anauza vipuri Gerezani na ana furaha zake. Na kanda, mtu mwenye wokimeni alikuwa mfalme, sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuizungusha kanda kwa kalamu ya Bic kuokoa betri zake, zile pembe sita za kalamu zinaingia kwenye meno ya kanda kama walipimana. Kanda ya mawaidha ya shangazi niliziba vile vitundu vya juu kwa selotepu nikarekodia taarabu. Shangazi hajui mpaka leo na Mungu amzidishie asisome hapa.

Halafu rambo. Vijana wanaotumia neno rambo kwa mfuko wowote wa plastiki hawajui limetoka wapi, ilikuwa ile mifuko yenye picha ya Rambo kifua wazi na mtutu, ukiwa nayo shuleni madaftari yako yanalindwa na jeshi. Ikichakaa haitupwi, inaenda kwenye mpira. Chandimu ya barabara ya 12 ndani ilikuwa matambara, katikati rambo kumi na kitu, juu kamba ya katani imesukwa wavu, na inadunda, sio sana lakini inadunda. Serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mimi naunga mkono kabisa, mitaro ya Tabata ilikuwa imekufa kwa ile mifuko. Ila nilikuja kugundua wakati huu wa kufikiri uvunguni kwamba siku ile mtaani kwetu ilikufa na chandimu ya plastiki. Hakuna mtoto aliyesahau kuisuka, malighafi ndo iliondoka.

Ndo hoja yangu hiyo, nimeizungukia kama kanda kwenye kalamu lakini nimefika. Toi ya mtoto asiyenunuliwa toi inafuata taka za wakati wake. Sisi zama zetu zilimwaga bati, waya, ndala za mpira, visoda na magazeti, tukawa mafundi chuma. Hawa wanamwagiwa chupa za maji, vifuniko, maboksi ya juisi na chaja mbovu, wamekuwa mafundi plastiki. Sisi tuliigiza Scania na Land Rover kwa sababu ndo tuliziona zinapita, wao wanaigiza bajaji na bodaboda na simu yenye ufa.

Nilijaribu kubisha hoja yangu mwenyewe, Mhariri. Jumapili nikasema leo namfundisha huyu kijana gari la waya, ajue mama yake ni nani. Tumehangaika! Hanga zote ndani ni za plastiki. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua waya wa kufungia nondo, laini kama tambi, chasisi ikalala chini kabla haijapata tairi. Tyubu ya baiskeli nikapewa na fundi baada ya kunihoji kama nina akili timamu. Ndala za siku hizi ukizikata zinakatika kama mkate, tairi likibeba uzito linabonyea halirudi. Mtoto akanisubiri kwa adabu kama nusu saa hivi, wa kike mdogo wake akawa ananiuliza mama ulikuwa unacheza na hii kweli au unatudanganya, mwishowe kijana akasema kwa upole, mama tuweke chupa tu. Tukaweka chupa. Inatembea.

Kitu ambacho hawana, na hapa ndo ningependa yule msomaji aelekeze uchungu wake, ni pa kuchezea na muda wa kuchezea. Mwanangu anaamka saa kumi na nusu alfajiri, gari la shule linamzungusha mtaa kwa mtaa kuokota wenzake, anarudi jua linazama, kuna tuisheni, kuna homiweki inayohitaji mzazi na printa, Jumamosi nayo wanaitwa. Sisi tulikuwa tunatoka saa saba na nusu tunakula tunapotea mpaka magharibi. Na kiwanja kilichokuwa nyuma yetu hapa, kulikuwa na mwembe na goli za matofali, mwaka jana kimezungushiwa mabati, kumeandikwa hapauzwi, na ndani ya mwezi ghorofa. Sasa huyo bajaji akaiendeshe wapi? Ndo maana inakaa uvunguni, na ndo maana mnamwona na simu, simu ndo kiwanja pekee kilichobaki ambacho hakijazungushiwa mabati. Hata mimi ningekuwa na miaka tisa leo ningekuwa humo.

Nina ombi. Badala ya barua za kulilia zamani, tengeni kona ndogo hata wiki moja kwa mwezi, muweke picha ya kitu alichotengeneza mtoto na maelezo kimetengenezwaje, tairi limekatwa na nini, kimefungwa na nini, kama mapishi. Za zamani pia ziwepo, maana mafundi wa gari la waya tunaisha, kaka yangu ana miaka hamsini na kitu na ndo pekee ninayemjua anayekumbuka ile funga ya ekseli ya mbele, na kwenye makumbusho niliyopita na watoto nimeona mitego, vinu, mikuki na vigoda, toi ya mtoto sikuona hata moja, kana kwamba babu zetu walizaliwa na mikuki mkononi. Picha ya bajaji naiambatanisha hapa. Mwenyewe amekubali itoke ila kasema ufa wa simu usionekane, utamwaibisha mama.

Na nyongeza ya mwisho, ya binafsi. Yule kijana wa mtaa wa juu, barabara ya 15 kama sikosei, aliyeomba kuijaribu gololi yangu ya chuma 1989, kama anasoma gazeti hili atakuwa mzee wa heshima sasa na pengine ana wajukuu, sina kinyongo. Ila gololi naitaka. Airudishe ofisini kwenu, nitaifuata.

Wako,
Mgosi wa kike, Tabata